Koti Jeupe na Usinga: Tunavyoiandika Sayansi

Kutoka Mitundu, Singida

Kuna mhusika mmoja ambaye sisi waandishi chipukizi tumemchosha. Anashuka kwenye Land Rover, kavaa koti jeupe, mkononi ana sindano. Mbele yake wamesimama wanakijiji, midomo wazi. Pembeni, chini ya mti, amekaa mzee mwenye usinga, macho mekundu, anapinga kila kitu. Ukurasa wa tatu mzee anashindwa, mtoto anapona, kijiji kinapiga makofi. Hadithi imekwisha na ujumbe umefika: elimu ni mwanga, ujinga ni giza. Hadithi hii imeandikwa mara ngapi, we acha tu.

Siku hizi imezaliwa hadithi ya pili, mdogo wake huyo. Hii imebadilishana nguo tu. Mzee wa usinga ndiye mwenye hekima ya mababu, mtaalamu ni kibaraka, na dawa yake ni sumu. Wasomaji wa mjini wanaipenda sana, maana inatupa raha ya kujiona Waafrika bila kazi ya kwenda kijijini kuuliza lolote.

Makala hii inazipinga hadithi zote mbili, kwa sababu moja. Zote zinaifanya sayansi kuwa vazi: ukivaa koti unayo, ukishika usinga huna, au kinyume chake. Mimi nasema sayansi ni tabia ya kuuliza na kukubali kujibiwa, hata kama jibu linakuaibisha mbele za watu. Kwa kipimo hicho, mtaalamu asiyemsikiliza mwenyeji hajapungukiwa adabu tu, kapungukiwa sayansi yenyewe. Na mganga asiyekubali dawa yake ipimwe yumo kapu hilohilo. Halafu liko swali ambalo hadithi zetu hazilifikii kabisa: wakikosea, nani analipa?

Mtasema, huyu anaandika kutoka Mitundu, huko porini, atatuambia nini kuhusu sayansi? Nasema hivi: nchi hii ya mapori imefanyiwa majaribio ya kitaalamu tangu babu zetu. Ila wao hawakuambiwa kwamba ni majaribio.

NZI NA WENYE NZI

Mitundu iko kusini ya Itigi, katika nchi ya vichaka ambavyo wataalamu wa mimea duniani wanavijua kwa jina la jirani yetu huyo: vichaka vya Itigi. Ni kichaka kilichoshonana hasa. Ukiingia bila njia unatoka na shati vipande. Aina hii ya kichaka inajulikana hapa katikati ya Tanzania na kule kaskazini ya Zambia, basi. Nyuki wanaipenda nchi hii, ndo maana asali ya huku ina jina. Na mbung'o naye anayapenda mapori. Wengine humwita ndorobo: nzi mfyonza damu, anayemwachia binadamu malale na ng'ombe nagana.

Hadithi ya koti jeupe inatwambia kwamba kabla ya mtaalamu wenyeji walikuwa wanakufa tu kwa nzi huyu, hawajui mbele wala nyuma. Hebu tumsikilize mtu wa koti jeupe mwenyewe. Mwaka 1971 John Ford, Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi katika utafiti wa mbung'o chini ya ukoloni, alitoa kitabu kinene kuhusu magonjwa ya nzi huyu katika Afrika. Hoja yake iliigeukia kazi ya wenzake. Alisema Waafrika walikuwa wanaishi na mbung'o kwa utaratibu wao: namna ya kupanga makazi, kufyeka na kulima, kuacha mapori mapana kati ya eneo na eneo, na mifugo kupata kinga kidogokidogo. Ukoloni uliuvunja utaratibu huo, kisha ukaleta wataalamu kutibu mvunjiko. Mwaka 1977 Helge Kjekshus, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatoa kitabu chenye hoja ya ukoo huohuo, akiitazama Tanganyika kwa karibu.

Fuatilia mtiririko wenyewe. Kwenye mwaka 1890 na 1891 sotoka iliingia Afrika Mashariki ikafagia ng'ombe. Bila ng'ombe majani hayaliwi. Bila chakula watu wanakosa nguvu, na shamba linarudi kuwa pori. Zikafuata vita za kuitwaa nchi. Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, ambapo majeshi ya pande zote mbili yalichukua wapagazi na nafaka. Vita ilipoisha, majirani zetu Wagogo wakaangukia njaa ya Mtunya, 1918 hadi 1920. Watu wakapungua, pori likasonga mbele, wanyama wakalifuata pori, nzi akawafuata wanyama.

Sasa ndipo miaka ya 1920 mtaalamu anafika na wavu wake na hadubini yake. Anakuta pori limejaa nzi na watu wachache waliokonda. Anaandika kwenye daftari kwamba nchi hii ndivyo ilivyo. Kaona jeraha, kadhani ni umbo.

Tusimwonee. C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika akiwa na makao Shinyanga, alikuwa mtafiti hasa. Alimchunguza nzi: anapumzika wapi, anapenda kivuli gani, anamfuata mnyama gani. Kitabu chake kilitoka 1936. Miaka miwili baadaye akafa katika ajali ya ndege, na hadi leo kuna aina ya mbung'o yenye jina lake. Kazi ya kufyeka vichaka Shinyanga ilifanywa kwa mikono ya Wasukuma wengi waliokusanywa na watemi wao. Elimu ya mgeni na nguvu ya mwenyeji zilikutana, na nzi akarudi nyuma. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale methali ilitimia.

Lakini ilikuwepo dawa ya pili: kuwakusanya watu. Kuanzia miaka hiyo ya 1920, watu waliokuwa wametawanyika katika misitu ya magharibi na kati waliamriwa kuacha makao yao wakae pamoja katika makazi makubwa, ili malale iwakose. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Watu wakiwa wengi mahali pamoja wanafyeka, pori linawakimbia, na tabibu anawakuta kwa urahisi. Na kweli, wapo waliopona kwa mpango huo. Hilo lazima tuliseme, vinginevyo tutakuwa tunaandika hadithi ya pili.

Sasa mwulize Mkimbu. Wakimbu ni wenyeji wa misitu hii ya kusini. Walikuwa wawindaji na warina asali, na walikuwa wakihamisha vijiji vyao. Kwa jicho la ofisini huo ni uzururaji. Kwa jicho la anayelima huku, kuhama kulikuwa ndiyo mbolea: udongo mwepesi unachoka upesi, maji ni ya kutafuta, na mizinga haiwezi kutundikwa yote kwenye uwanja wa mkuu wa wilaya. Ukimkusanya mtu wa namna hiyo unampunguzia malale, sawa, lakini unampa udongo uliochoka na asali iliyobaki mbali. Na kule alikotolewa, nani anafyeka? Hakuna. Pori linarudi na nzi anapewa nchi bila kuipigania. Kule Liwale, katika miaka ya 1940, watu walihamishwa kwa sababu hiyohiyo ya malale, na sehemu ya nchi yao ikaingizwa katika pori la akiba la Selous. Waliondoka wakiwa wagonjwa watarajiwa. Wangerudi, wangeitwa majangili.

Nani alikosea hapo? Nzi alipimwa vizuri sana. Asiyepimwa ni mtu: anakula nini, kwa nini anahama, anajua nini. Nusu ya jaribio haikufanyika, na nusu hiyo ndiyo ilikuwa imekaa barazani inasubiri kuulizwa.

KARANGA ZA WAZEE WA LONDON

Kama jambo la mbung'o lina pande mbili, la Kongwa halina. Panda treni Itigi uelekee mashariki, pita Manyoni, pita Dodoma; Kongwa haiko mbali na hapo. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Ikaamuliwa karanga zilimwe Afrika, zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Ujumbe wa wataalamu ulizunguka kwa wiki chache tu, safari nyingi kwa ndege, ukaandika ripoti, serikali ikaikubali. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kuingia Kongwa. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa vya kung'olea miti. Si mchezo.

Kilichofuata kinajulikana. Visiki vya huko vilivunja vyuma. Udongo ulipokauka ulikuwa mgumu kama sakafu, na mchanga wake ukasaga majembe. Nyuki wa kwenye mibuyu waliwatimua madereva. Na mvua, mvua yenyewe haikusoma ripoti. Mapema mwaka 1951 mpango ukazikwa, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Baadaye sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe.

Ranchi ya ng'ombe! Katika nchi ya Wagogo, watu ambao ng'ombe ni maisha yao, waliokuwa wamekaa palepale kabla ya trekta la kwanza kufika. Mzee yeyote wa Kigogo aliyeiona Mtunya angeweza kuwaambia mvua ya Kongwa ina tabia gani. Angewaambia bure, labda na kibuyu cha maziwa juu. Hakuulizwa, kwa sababu hakuwa na koti.

Hapa ndipo lile swali la malipo linapouma. Waingereza walilipa kwa kodi, ni kweli, na waziri wao akasemwa bungeni. Lakini mtaalamu alipanda meli akarudi kwao, akapata kazi nyingine. Mgogo hakuwa na meli. Yeye alibaki na nchi iliyong'olewa miti ambayo hakuomba ing'olewe. Aliyeamua hakukaa na matokeo, na aliyekaa na matokeo hakuamua.

Waandishi wenzangu mnaodhani jambo hili ni la siasa tu, kumbukeni kwamba Mary Shelley alianza kuandika habari za daktari Frankenstein akiwa binti wa miaka 18, na kitabu kikatoka 1818. Watu wanakumbuka kiumbe cha kutisha, wanasahau kosa. Daktari yule aliumba, kisha akakimbia. Alikiacha kiumbe chake kijilee chenyewe, na mabaya mengi yanaanzia hapo. Kongwa ni riwaya hiyohiyo, imechezwa kwa matrekta.

SWALI LA MPEMBA

Kwa hiyo sayansi ni ya wageni na hatuitaki? Hapana jamani. Mfano bora wa tabia ya kisayansi ninaoufahamu ni wa mwanafunzi wa Kitanzania na aiskrimu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Vijana walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu. Mpemba akaogopa kuikosa, akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Akamwuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipong'ang'ania, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia, na utani huo ukamfuata darasani.

Hakunyamaza. Alipofika Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dokta Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza lilelile, wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu. Alichofanya ni kurudi Dar es Salaam na kuagiza jambo hilo lijaribiwe. Fundi wa maabara akamletea habari kwamba maji ya moto kweli yameganda kwanza, na akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na leo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Wanaoipenda habari hii wengi wanaishia hapo, kwenye ushindi. Mimi naipenda zaidi sehemu inayofuata. Wataalamu hawajakubaliana. Wengine wanaliona jambo hilo, wengine hawalioni, na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha makala wakisema vipimo vyao havilithibitishi. Je, Mpemba kashindwa? Hata kidogo. Aliona, akauliza, akakubali wengine wapime, na wao wanaendelea kupima. Mwenye koti aliyemcheka hakuwa anafanya sayansi siku ile. Kijana mwenye aiskrimu alikuwa anaifanya.

KIKOMBE NA ATOMU

Mfano wa kazi iliyotimia upo Unguja. Mbung'o aliwasumbua ng'ombe wa kisiwa kile kwa muda mrefu. Kwanza mifugo ilipakwa dawa na mitego ikatundikwa, nzi wakapungua. Kisha, kuanzia 1994, nzi dume waliozalishwa Tanga wakapigwa mionzi ya gama mpaka wakawa hawawezi kuzalisha, wakamwagwa kisiwani kwa ndege, mamilioni. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa buu mmoja mmoja. Akikutana na dume wa Tanga, uzazi wake umekwisha. Nzi wa mwisho alinaswa 1996, na 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o. Elimu ya atomu, ileile iliyoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, hapa ilimwokoa ng'ombe wa mkulima. Elimu ilikuwa ya ukoo mmoja. Aliyeishika na alichokitaka ndivyo vilivyotofautiana.

Lakini hata ushindi huo una mpaka, na mpaka wake ni bahari. Unguja ni kisiwa. Nzi akiisha, hakuna jirani wa kuleta mwingine. Huku kwetu pori halina ukuta. Mtu akija Mitundu kesho na ripoti ya Unguja mkononi akaahidi yaleyale, tuna haki ya kumwuliza: bahari yetu iko wapi?

Na upande wa usinga je? Mwaka 2011 nchi hii iliona Loliondo. Maelfu kwa maelfu walipanga foleni ya magari Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, shilingi 500 tu, kilichodaiwa kuponya kisukari, saratani, hata UKIMWI. Wapo waliofia njiani. Wapo walioacha dawa za kupunguza makali. Wakubwa nao walikwenda kunywa, na picha zao gazetini zikawa cheti ambacho maabara haikutoa. Mimi siwacheki waliokwenda. Hospitali ikiwa mbali na ghali, kikombe cha mia tano kina mantiki yake. Lakini dai la kuponya linapimwa kwanza, mtu ndipo anaacha dawa zake, na si kinyume. Waliolipa kosa lile ni walewale wasio na meli.

TUANDIKE NINI BASI

Sisemi kila hadithi igeuke kuwa somo la fizikia. Nasema tuwavue wahusika wetu nguo za maigizo. Mpe mtaalamu wako shaka: usiku, kambini, anatazama takwimu zake na kitu hakikai sawa, na kesho asubuhi anatakiwa kusaini. Mpe mzee wako wa usinga akili ya mtu anayepima: mwaka gani mvua ilichelewa, mzinga upi ulikimbiwa na nyuki, dawa ipi ilishindwa. Halafu waache waulizane. Mgogoro wenye damu uko pale ambapo kila mmoja ana nusu ya ukweli, na kiburi cha mmoja wao kitamgharimu mtu wa tatu ambaye hayupo kwenye mazungumzo. Mtafute huyo wa tatu. Mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni, na hakuna aliyemwuliza jina.

Na msiende mbali kutafuta kisa. Wilayani Manyoni, kule Masigati, miaka ya karibuni vichaka vimefyekwa ili walime korosho kwa pamoja, zao la pwani lililoletwa katikati ya nchi kwa ushauri wa watafiti. Safari hii kuna tofauti kubwa na Kongwa: wakulima wenyewe wana mashamba mle, na natamani kwa moyo wote yastawi. Mkorosho unachukua miaka kabla ya kukulipa vizuri. Katika miaka hiyo kuna maswali ya kuuliza, na mwandishi ana haki ya kuyauliza sawa na mtafiti. Mwenye mizinga alihamia wapi? Mvua ikikataa, deni ni la nani? Aliyeshauri yupo bado, anakuja kutazama, anapokea simu?

Hiyo ndiyo riwaya inayosubiri mtu. Anayeona nimekosea aandike, na aje na vipimo vyake.